PERG: wimbi halibadiliki hata tukibadilisha ukubwa wa miraba, kilele kiko 68 ms. Tuanzie wapi?

Maabara_ya_Macho (mwanzisha mada)

Habari za kazi wakuu. Naomba mchango wa wenye uzoefu na elektroretinogramu ya mchoro, ile tunayoiandika PERG.

Kwa wasiokijua kipimo hiki: mtu anatazama ubao wa miraba myeusi na myeupe kwenye skrini, ghafla myeusi inageuka myeupe na myeupe inageuka myeusi, na elektrodi inayogusa jicho inanasa umeme mdogo ambao retina inautoa kwa kila geuzo.

Vifaa na mipangilio: skrini ya LCD ya inchi 24, pikseli 1920 × 1080, 60 Hz, mita 1 kutoka jichoni. Amplifaya ya chaneli mbili. Uzi wa DTL (uzi mwembamba unaopitisha umeme, ndiyo elektrodi ya jichoni) kwenye kope ya chini, elektrodi rejea kwenye ngozi ya pembe ya nje ya jicho hilo hilo, ethi kwenye paji la uso. Kichujio 10 hadi 100 Hz, pamoja na kile cha kukata 50 Hz ya umeme wa ukutani. Mageuzo 4 kwa sekunde, wastani wa vipande 100.

Kwa watu wenye macho mazima tunapata hivi. Wimbi ni karibu lile lile kwa miraba ya digrii 0.25, 0.8 na 3 (digrii ni pembe ambayo mraba unaichukua jichoni). Kilele cha P50, mwinuko mkuu wa wimbi, kinakaa milisekunde 68 baada ya geuzo, wakati tunategemea 50 na kidogo. Halafu bonde la N95, linalofuata P50 karibu na milisekunde 95, ni fupi mno kwa karibu kila mtu, kana kwamba wote wana tatizo la neva ya macho.

Mwitiko wa retina unatakiwa ubadilikeje tukigusa ukubwa wa miraba, kontrasti na kasi ya mageuzo? Na katika haya matatu, lipi la skrini, lipi la amplifaya, lipi la mtu anayepimwa?

---

Fizikia_ya_Mwanga

Mkuu, mawili ya mwanzo ni ya skrini. La tatu ni la kichujio, nadhani wenzangu wa upande wa amplifaya watalishughulikia.

Anza na jambo hili maana mengine yote yanalitegemea. Elektrodi haioni mraba mmoja mmoja. Inajumlisha umeme wa eneo lote la retina linalotazama ubao. Kwenye kila geuzo nusu ya miraba inang'aa na nusu inafifia, kwa hiyo jumla ya mwanga unaoingia jichoni haibadiliki. Ile sehemu ya mwitiko inayopanda na kushuka sawasawa na mwanga inajifuta: ilichoongeza upande huu kimepungua upande ule. Kinachobaki ni mwitiko usiofuata uwiano huo, na mwingi wake unatoka kwenye seli za ganglioni (zile ambazo nyuzi zake ndizo neva ya macho) na njia zinazozilisha. Ndiyo sababu wimbi la PERG ni la mikrovolti 0.5 hadi 8 tu, wakati ERG (elektroretinogramu) ya mmweko wa taa, isiyo na mchoro, inafika mamia. Ndiyo sababu pia umeme unakuja mara moja kwa kila geuzo, wala si mara moja kwa kila mzunguko kamili wa nyeusi-nyeupe-nyeusi. Mageuzo 16 kwa sekunde ni mizunguko 8, lakini mawimbi ni 16.

Kufutana huko kunahitaji skrini inayong'aa na kufifia kwa mwendo mmoja. LCD nyingi hazifanyi hivyo. Pikseli inayokwenda kwenye weupe na ile inayokwenda kwenye weusi hazitumii muda sawa, kwa hiyo kwa milisekunde chache kwenye kila geuzo skrini nzima inazama gizani kidogo au inang'aa kidogo. Huo ni mmweko, na retina inaujibu kama mmweko. Kwa kuwa ERG ya mmweko ni kubwa kuliko PERG mara nyingi sana, hata mtikisiko mdogo wa mwanga unaifunika PERG.

Sasa angalia dalili yako ya kwanza. Mmweko wa skrini nzima haujui miraba ina ukubwa gani. Ukipata wimbi lile lile kwa digrii 0.25 na digrii 3, unapima skrini.

Kuthibitisha, bandika karatasi nyeupe inayopitisha mwanga mbele ya skrini hadi miraba isionekane kabisa, kisha rekodi kama kawaida. Hapo hakuna mchoro tena, kwa hiyo wastani unatakiwa uwe mstari ulionyooka. Wimbi lolote linalobaki ni la mtikisiko wa mwanga. Njia ya pili ni fotodayodi (kihisi cha mwanga) na osiloskopu: ishikilie mbali kidogo na skrini ili ipokee mwanga wa miraba mingi, myeupe na myeusi kwa idadi sawa. Mstari ukiruka kwenye kila geuzo, tatizo lipo na unaliona kwa macho.

Dawa bora ni kubadilisha skrini. OLED au CRT (skrini ya zamani ya tyubu) nzuri ya 75 Hz na kuendelea inalimaliza. Ukilazimika kubaki na LCD, zima kwenye menyu yake kila kitu kinachojirekebisha chenyewe: kuongeza kasi ya pikseli, kontrasti ya kujipanga, mwangaza unaofuata picha. Kisha jaribu kutotumia ncha zenyewe za 0 na 255, yaani weusi na weupe kamili. Mara nyingi kati ya weusi uliopandishwa kidogo na weupe ulioshushwa kidogo pikseli zinapanda na kushuka kwa mwendo unaokaribiana. Tafuta jozi hiyo kwa fotodayodi, lakini kontrasti isiteremke chini ya 80%.

Kuhusu 68 ms. Programu inatuma triga (ishara ya kuanza kuhesabu muda) fremu inapoanza, lakini skrini ya 60 Hz inachora kutoka juu kwenda chini kwa milisekunde 16.7, kwa hiyo katikati, pale mtu anapotazama, panageuka milisekunde 8 hivi baadaye. Ongeza muda wa skrini kuchakata picha na muda wa pikseli yenyewe kugeuka. Usikisie jumla yake. Weka fotodayodi juu ya mraba mmoja wa katikati, ipeleke kwenye ingizo la amplifaya, pima umbali kati ya triga na geuzo halisi, uutoe kwenye majibu yote. Upime upya ukibadilisha skrini, kadi ya picha, au hata mipangilio ya menyu.

---

Fizikia_ya_Mwanga

Naongeza hesabu ambazo hazikuingia hapo juu.

Kiwango cha ISCEV, jumuiya ya kimataifa ya elektrofiziolojia ya macho, kinataka mraba wa digrii 0.8 (ruhusa 0.2 juu au chini), eneo la digrii 15 (ruhusa 3), mng'ao wa weupe zaidi ya 80 cd/m², kontrasti isiyopungua 80%, na mageuzo 4 kwa sekunde (ruhusa 0.8).

Kwa mita 1, digrii 0.8 ni milimita 14. Skrini yako ya inchi 24 ina pikseli za milimita 0.277, kwa hiyo mraba wa pikseli 50 unakupa digrii 0.79. Panga miraba 20 kwa 20, yaani pikseli 1000 kwa 1000, eneo linakuwa digrii 15.8. Tumia idadi shufwa ya miraba kila upande. Myeupe na myeusi itakuwa sawa kwa idadi, na katikati patakuwa makutano ya pembe nne za miraba, mahali panapofaa alama ya kutazama. Ukiweka miraba 19, upande mmoja unazidi kwa mraba mmoja na mwanga wa jumla unacheza kwenye kila geuzo hata skrini ikiwa bora kuliko zote.

Kontrasti ni mng'ao wa weupe kutoa wa weusi, gawanya kwa jumla yao. Weupe 100 na weusi 1 ni 98%. Lakini taa ya dari ikiakisi kwenye kioo na kuongeza 12 kila mahali, unabaki na 112 na 13, yaani 79%, na umetoka nje ya kiwango bila kugusa kompyuta. Pima mng'ao taa za chumba zikiwa kama zitakavyokuwa wakati wa kazi, na pima kutoka mahali kichwa cha mgonjwa kinapokaa.

Mwitiko unavyobadilika ni hivi. Kwa kontrasti, ukubwa wa PERG unashuka karibu kwa mstari ulionyooka: kutoka 100 kwenda 50%, tegemea karibu nusu. Hapo inatofautiana na VEP, mwitiko wa ubongo, ambayo hushiba kontrasti ikiwa bado ndogo. Mng'ao wa wastani ukishuka, wimbi linapungua na kuchelewa. Eneo likipanuka, wimbi linakua.

Ukubwa wa miraba una mambo mengi zaidi. Ukishuka chini ya digrii 0.8, wimbi linapungua, kwanza kwa sababu macho yenyewe yanaiparaganya picha ndogo (miwani isipokuwa sahihi, miraba ya digrii 0.25 ndiyo inayoathirika kabla ya yote), na pili kwa sababu mraba mdogo unaingia wote, mweupe na mweusi pamoja, ndani ya eneo ambalo seli moja ya ganglioni inalisikiliza. Ukipanda kwenye digrii kadhaa, sehemu inayotokana na mwanga tupu inazidi kujipenyeza: P50 inabaki imesimama, lakini haikuambii tena mengi kuhusu seli za ganglioni. Digrii 0.8 ni mahali pazuri pa katikati, wimbi bado ni kubwa na ukungu mdogo wa macho hauliangushi.

---

Elektrodi_Safi

Hiyo 10 Hz ndiyo inayokula N95 yako, ndugu. N95 ni bonde pana, la polepole. Kichujio cha chini kikikaa 10 Hz kinalikata na kukivuta kilele cha P50 kije mapema kidogo. Weka 1 Hz chini na 100 Hz juu. Ondoa kabisa kile cha 50 Hz, kwa sababu kinaacha mitetemo yake ndani ya wimbi fupi kama hili na kusogeza nyakati. N95 iliyofupishwa na kichujio haina tofauti yoyote kwa macho na N95 iliyofupishwa na ugonjwa. Mtu mwenye afya kabisa anaweza kuandikiwa kuwa neva yake ya macho imeharibika.

Mlio wa 50 Hz unauondoa kwenye chanzo. Shusha ukinzani wa kila elektrodi ya ngozi chini ya kilo-omu 5: sugua ngozi kwa jeli ya kusafishia hadi iwe ya waridi kidogo, weka pasta, pima. Tofauti ya ukinzani kati ya elektrodi mbili ni mbaya kuliko ukinzani wenyewe, kwa hiyo moja ikiwa 2 na nyingine 9, rudia ile ya 9. Sokota waya za elektrodi pamoja, zipite mbali na kebo ya umeme ya skrini, kiti cha umeme kichomolewe ukutani, taa za tyubu zizimwe utumie balbu ya kawaida iliyo mbali.

Kasi nayo inasaidia. Kwa mageuzo 4 kwa sekunde, kipande kinachukua milisekunde 250, na ndani yake 50 Hz inapiga mara 12 na nusu. Kipande kinachofuata kinaanza na wimbi la ukutani likiwa limepinduka, hivyo vipande viwili viwili vinajifuta. Kwa mageuzo 5 kwa sekunde inapiga mara 10 kamili, kila kipande kinaanza pale pale, na wastani hata wa vipande elfu hauupunguzi mlio huo. Huku kwetu tunatumia 50 Hz. Mwenye programu iliyotengenezwa kwa nchi ya 60 Hz aikague kabla ya kuiamini.

Idadi ya vipande: 100 ndicho kima cha chini. Kelele inapungua kwa kipeuo cha pili cha idadi. Kelele ya mikrovolti 20 kwa vipande 100 inakuwa 2, kwa 400 inakuwa 1. Wimbi lako ni 3 au 4, basi 2 ni nyingi mno. Chukua 200 ambazo ni sekunde 50 tu za kutazama, pumzika, chukua 200 nyingine. Weka rekodi mbili juu ya nyingine. Zisipofanana, usipime kitu, rudia.

Kataa vipande vinavyozidi mikrovolti 100 juu au chini, lakini hakikisha amplifaya yako inaweza kufika huko. Kuna amplifaya zinazogonga dari kwenye 80. Hapo kupepesa jicho kunakatwa na dari kabla hakujafika 100, programu inakiona kipande kuwa halali, na uchafu unaingia kwenye wastani.

Sasa uzi wa DTL. Ulipo kwenye kope ya chini ni jambo kubwa. Ukipita ukingoni na kugusa konea (kioo cha mbele cha jicho) kwa chini, wimbi ni kubwa lakini uzi unatembea kwa kila kupepesa. Ukizamishwa kwenye mfuko wa kope ya chini, wimbi ni dogo zaidi lakini halitembei. Chagua moja, liwe hilo kwa kila mtu, na vipimo vyenu vya watu wazima wa afya vipatikane kwa namna hiyo hiyo. Uzi ukianza juu ukateleza chini katikati ya kazi, rekodi ya pili inakuwa ndogo kuliko ya kwanza na mtu anaweza kudhani retina imechoka. Angalia uzi kati ya rekodi.

Dawa ya ganzi sipendi kuitumia kama mtu anavumilia. Inaweza kuukwaruza uso wa konea na picha ikapata ukungu. Lenzi za elektrodi zinazofunika konea hazifai kwa PERG kwa sababu hiyo ya ukungu. Elektrodi rejea mmeiweka panapostahili. Ikienda kwenye sikio au paji la uso, inaleta umeme wa ubongo na wa jicho la pili.

Na utaratibu wa siku: PERG iwe ya kwanza. Kabla ya dawa ya kupanua mboni, kabla ya kupimwa presha kwa kugusa jicho, kabla ya picha za retina zenye mmweko, kabla ya lenzi yoyote yenye jeli. Mboni isipanuliwe. Macho yote mawili yatazame pamoja, kutulia kwake ni kuzuri zaidi, isipokuwa kwa mwenye makengeza. Miwani iwe ya umbali wa skrini. Kwa mita 1 mwenye umri wa miaka 60 anahitaji nyongeza ya dayopta 1 juu ya miwani yake ya mbali. Ukimpima kwa miwani ya kusomea ya +2.50, umempa ukungu mwenyewe.

---

Maabara_ya_Macho

Nawashukuru sana wakuu. Tunaanza na karatasi na fotodayodi, kisha 1 Hz.

Mawili yamebaki. Kuna macho ambayo N35 (bonde dogo linalotangulia P50) haionekani, sasa P50 tunaipima kutoka wapi? Na daktari wetu anataka tutumie mageuzo 16 kwa sekunde kwa wagonjwa wa glaukoma (ugonjwa unaoharibu neva ya macho). Skrini ya 60 Hz haigawanyiki kwa 16.

---

Elektrodi_Safi

N35 isipoonekana, chukua wastani wa mstari kuanzia sifuri hadi P50 inapoanza kupanda, pima kutoka hapo hadi kileleni. N95 pima kutoka kilele cha P50 hadi chini ya bonde, usiipime kutoka mstari wa sifuri. Bonde likiwa pana lenye vidole viwili vitatu, weka alama katikati ya upana wake badala ya kwenye kidole kirefu kuliko vyote, ambacho mara nyingi ni kelele.

---

Fizikia_ya_Mwanga

Kwa 16: ruhusa ni 3.2 juu au chini, kwa hiyo tumia 15. Geuza kila baada ya fremu 4 na 60 ÷ 4 ni 15 kamili. Programu isikubali kuwekewa 16, maana 60 gawanya kwa 16 ni fremu 3.75, itageuza mara fremu 4 mara 3, na wimbi litatapanyika. Kwa mageuzo 4 fremu ni 15, hakuna shida.

Kwa kasi hii wimbi la geuzo moja halijaisha kabla ya jingine kuanza. P50 na N95 zinamezana na unabaki na mchirizo unaofanana na wimbi la sine la 15 Hz. Usitafute kilele. Chukua vipande vya sekunde 1 kamili (mageuzo 15, fremu 60), fanya uchanganuzi wa Fourier (unaotenganisha wimbi kwa kila Hz), soma ukubwa na fezi (mahali wimbi lilipo ndani ya mzunguko wake) kwenye 15 Hz. Kelele unaikadiria kwa kusoma 14 na 16 Hz, jirani zake, na kuchukua wastani wao. Ikiwa 15 Hz ina mikrovolti 1.2 na majirani wana 0.2, mna wimbi. Ikiwa majirani wana 0.8, hamna kitu cha kuripoti. Hapa umeme wa ukutani unaishi kwenye 50 Hz peke yake, hauwagusi.

Fezi igeuze iwe muda kama unapenda: mzunguko mmoja ni milisekunde 66.7, hivyo digrii 27 za fezi ni milisekunde 5. Sekunde moja au mbili za mwanzo zitupwe, retina bado inajizoesha na kasi.

---

Daktari_wa_Retina

Nichangie upande wa tafsiri, maana mipangilio hii yote ina maana tu ikiwa tunajua kila sehemu ya wimbi inatoka wapi.

Riggs na wenzake walionyesha mwaka 1964 kwamba jicho la binadamu linatoa umeme kwa mistari inayobadilishana hata mwanga wa jumla usipobadilika. Jambo lililoipa PERG nafasi yake hospitalini lilikuja mwaka 1981, Maffei na Fiorentini walipokata neva ya macho ya paka. Seli za ganglioni zilipokufa taratibu katika miezi iliyofuata, mwitiko wa mchoro ulififia hadi ukatoweka, huku ERG ya mmweko ikibaki. Baadaye kazi kwa nyani, kwa sumu ya tetrodotoksini inayozima mapigo ya seli za ganglioni, ilionyesha kwamba N95 inategemea mapigo hayo, wakati P50 inayategemea kwa sehemu tu na iliyobaki inatoka ndani zaidi ya retina.

Kwa hiyo: N95 imeshuka, P50 imesimama, fikiria seli za ganglioni au neva ya macho. P50 imeshuka na N95 ikashuka nayo kwa uwiano ule ule, fikiria makula, sehemu ya katikati ya retina. ERG ya mmweko ya jicho zima ikiwa nzima na P50 ikiwa chini, ugonjwa uko kwenye makula peke yake. Madhara ya dawa ya haidroksiklorokwini iliyotumika miaka mingi yanaanguka upande huu. Ugonjwa wa neva ukiwa mkali sana P50 nayo inashuka, lakini kilele chake huwa kinakuja mapema kuliko kawaida. Hapo ndipo makosa ya muda wa skrini yanapoumiza, kwa sababu milisekunde 5 za ucheleweshaji usiorekebishwa zinaificha dalili hiyo kabisa.

Usisome VEP iliyochelewa peke yake ukasema ni neva. Makula mgonjwa nayo inaichelewesha VEP, na PERG ndiyo inayotenganisha. Nalisisitiza kwa sababu huku kwetu lina uzito. Wagonjwa wa kifua kikuu wanaotumia ethambutoli wanaweza kuumia neva ya macho, na Dar es Salaam tangu 1988 kumeripotiwa ugonjwa wa neva ya macho unaoshika vijana macho yote mawili, ukiathiri zaidi nyuzi zinazotoka kwenye makula. Vyote viwili vinampa mtu giza katikati ya uoni, na kwa kumtazama tu mwanzoni makula na neva vinaweza kuchanganywa. Eneo la digrii 15 linapima seli za pale pale palipoathirika.

Angalizo la muda: neva ikiumia leo, seli za ganglioni hazifi leo. PERG iliyopimwa mapema inaweza kuwa nzima. Rudia baada ya wiki kadhaa kabla ya kusema N95 haikuguswa.

Mtoto wa jicho mzito unaishusha PERG yote kwa kupunguza kontrasti inayofika kwenye retina. Kwa mgonjwa huyo usitafsiri P50 ndogo. Tumia ERG na VEP za mmweko hadi afanyiwe upasuaji.

Kama eneo la digrii 15 linatoa P50 ndogo, rudia kwa digrii 30 kwa mraba ule ule wa 0.8. P50 ikikua vizuri, eneo lililoharibika ni dogo na liko katikati. Ikibaki chini, eneo lililoharibika ni pana.

---

Maabara_ya_Macho

Daktari, kwa glaukoma tumesikia habari ya kulinganisha miraba ya digrii 0.8 na ya digrii 16. Inafanyikaje kwenye skrini yetu?

---

Daktari_wa_Retina

Ni njia ya kundi la mtafiti Bach la Freiburg, Ujerumani, kwa mageuzo 16 kwa sekunde. Glaukoma ikiwa changa, mwitiko wa miraba ya digrii 0.8 unashuka mapema, ule wa digrii 16 haushuki mapema hivyo. Unagawanya wa 0.8 kwa wa 16. Faida yake ni kwamba vitu vinavyoshusha vyote viwili kwa pamoja, kama uzi uliozama, umri au tofauti ya mtu na mtu, vinapungua nguvu ndani ya uwiano. Kwa mwenye presha ya macho ya juu ambaye uwanja wake wa kuona bado ni mzima, hicho ndicho kipimo ningekichukua kabla ya kile cha mageuzo 4.

---

Fizikia_ya_Mwanga

Kwa skrini yenu, sogeza mtu hadi sentimita 52. Tumia eneo la pikseli 1080 × 1080. Miraba mikubwa ni 2 kwa 2, kila mmoja pikseli 540, ambayo kwa umbali huo ni digrii 16. Midogo ni pikseli 27, digrii 0.82, na inaingia 40 kwa 40 bila kubaki hata pikseli moja. Eneo ni lile lile digrii 32 kwa zote mbili, kwa hiyo mnacholinganisha ni ukubwa wa miraba peke yake. Nyongeza ya miwani kwa wazee inakuwa karibu dayopta 2.

Jaribio la karatasi lifanyeni kwa umakini zaidi hapa. Mtikisiko wa mwanga wa skrini unaingia sawasawa kwenye namba ya juu na ya chini ya uwiano, unausogeza kuelekea 1, na mgonjwa wa glaukoma anatoka akionekana mzima. Badilishaneni pia mpangilio: sekunde 20 za 0.8, sekunde 20 za 16, rudi tena 0.8, hadi mpate sekunde 80 za kila moja. Mkipima zote za 0.8 kwanza na uzi ukateleza baadaye, uwiano unapanda bila retina kuhusika.